Piko na Mimi Tumeachana

Siku ya kwanza nilipokaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi, wanawake watatu waliniuliza kama mume wangu anakunywa pombe. Mume wangu alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Hanywi hata togwa iliyolala. Lakini uso wangu ulikuwa umevimba hadi macho yamebaki mistari miwili, masikio yamefura kama maandazi yaliyozidishiwa hamira, na majimaji yalikuwa yakichuruzika kwenye paji la uso kutoka chini ya kitambaa. Mwanamke akiwa na sura hiyo, na mwanamume pembeni yake amemshikia mkoba, watu huwa wameshahukumu. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye mapunye alinisogelea akaninong'oneza:

"Dada, polisi kuna dawati la jinsia. Usiogope."

"Ni piko," nikamjibu.

Akamtazama mume wangu kuanzia viatu mpaka kichwani. "Ndivyo anavyoitwa?"

Nilicheka, na ngozi ya mashavu ikapasuka mahali pawili. Ndipo nilipojua kwamba hata kucheka kutakuwa na gharama yake kwa muda.

Naandika haya kwa ajili ya mtu atakayekaa kwenye benchi lile kesho au mwakani, akiwa amejifunika khanga hadi puani, akijiona mjinga kuliko wote duniani kwa sababu kilichomleta hospitali si malaria wala ajali bali ni nywele. Si mjinga. Sogea tukae.

Naitwa Janeth. Nina miaka arobaini na tisa, nafanya kazi masjala katika wizara moja kule Mtumba, Dodoma, na nyumbani kwangu ni Area D. Mvi zilinianza nikiwa na miaka ishirini na sita, nikiwa nimetoka kumwachisha ziwa binti yangu Upendo. Aliyeziona kwanza ni mama yangu mzazi. Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Kongwa, ana miaka sabini na moja na kichwa cheusi tii. Alikwenda dukani akarudi na pakiti ya piko, ule unga mweusi wa kupaka nywele, akanikalisha kwenye kigoda akanipaka kwa mswaki wa zamani. Alipomaliza akaniambia kwamba mwanamke anayeachia mvi zake ni sawa na anayeanika nguo za ndani barabarani.

Basi nikapaka. Kila Jumamosi ya tatu, miaka ishirini na mbili. Nimepaka nikiwa na msiba, nimepaka nikiwa na homa, nimepaka siku tuliyohama nyumba, maboksi yamezagaa sebuleni na mimi nimevaa mfuko wa rambo kichwani. Mwili ulinionya mapema. Kwanza muwasho mdogo nyuma ya masikio, baadaye vipele shingoni, baadaye ngozi ikawa inabanduka kwenye mto kila asubuhi. Nikasema ni vumbi la Dodoma. Vumbi la Dodoma limesingiziwa mambo mengi, nami niliongeza langu.

Ile mara ya kwanza nilipovimba, zabibu za mwezi wa tatu ndiyo zilikuwa zinakatwa, na mjini kila kona zilijaa beseni za kuuza. Nilipaka jioni ya Jumamosi. Jumapili asubuhi sikuweza kufungua macho. Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Aliniandikia vidonge na mirija miwili ya dawa ya kupaka, akaniambia nisiguse piko tena maisha yangu yote. Nikaitikia. Nilikuwa tayari kuitikia chochote.

Wiki tatu zilizofuata nilizipima kwa maji ya chumvi. Asubuhi mume wangu alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe, akanikanda kichwa kwa kitambaa safi kabla hajaenda kazini. Jioni akarudia. Ni mtu wa maneno machache, na vidole vyake ni vinene, lakini hakuna aliyewahi kunigusa kwa uangalifu kama ule. Nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu kichwa hakikutaka kuguswa na kitu. Nesi mmoja wa kliniki alinipa kitu kingine ambacho sitakisahau: aliniita jina langu. Wengine waliniita "yule mama wa uso."

Uvimbe uliisha. Magamba yakabanduka. Na nywele zikaanza kuchomoza nyeupe kwenye mashina, ukanda mweupe wa upana wa kidole, nami nikaanza kuvaa kilemba kazini na kuogopa vioo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokaribia kufa.

Msusi wangu tumwite Mama Sabri. Amenisuka miaka kumi na moja, hana roho mbaya hata kidogo. Nikamweleza yaliyonipata. Akagonganisha viganja kwa masikitiko, akasema, "Achana na mapiko hayo ya madukani, dada. Nitakupaka hina. Hina ni majani matupu, hata bibi harusi anapakwa, hata mjamzito. Hii yangu ni hina nyeusi, ya asili kabisa."

Hina nyeusi. Mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni kuhakikisha kilichoandikwa juu ya jalada ndicho kilichomo ndani. Na hina naijua, nimeiona kwenye mikono ya maharusi tangu utotoni. Hina inaacha rangi ya kutu, wekundu wa udongo. Weusi inautoa wapi? Sikujiuliza, kwa sababu sikutaka kujua. Nilitaka kichwa cheusi Jumatatu asubuhi.

Haikufika nusu saa. Kwanza midomo ilikufa ganzi. Kisha koo likaanza kubana, pumzi ikawa inaingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Mama Sabri alinimwagia ndoo nzima ya maji kichwani, akanibeba, yeye mwembamba vile, akanitumbukiza kwenye bajaji akiwa peku, analia njia nzima. Nilichomwa sindano mlangoni mwa hospitali, hata kitandani sijafika. Nililazwa siku tatu. Yule daktari binti alikuja siku ya pili, akasimama miguuni pangu, na upole wote ulikuwa umemwisha.

"Mama Upendo," akasema, "hina nyeusi ni piko lilelile. Nisikilize. Mara ya tatu usije kwangu."

"Kwa nini, daktari?"

"Kwa sababu hutafika."

Nikalia. Nililia kwa hofu, na nililia kwa hasira, na nikisema kweli yote, nililia pia kwa ajili ya nywele. Kama nawe umelilia nywele, usione haya.

Zilizobaki zilidondoka mabaka mabaka. Mwezi wa saba, upepo wa baridi ukipiga mabati mchana kutwa, nilimwambia mume wangu aniondolee zote. Akaazima mashine ya kunyolea kwa jirani. Alipomaliza alinizunguka mara mbili, akasema, "Kumbe una kichwa kizuri. Ulikuwa unakificha cha nini?" Ni mzaha tu, lakini niliushika, nikautembelea miezi mitatu.

Nywele zilirudi polepole. Mwezi wa kumi kichwa kilikuwa na vumbi jeupe tu. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili zilipoanguka nilisimama uani bila kitambaa, matone yakanigonga kwenye ngozi moja kwa moja, na sikuwashwa popote. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu maji yaniguse kichwani bila kuniuma. Nilisimama mpaka nikalowa chapachapa. Shuka la jirani lilikuwa kwenye kamba na hata sikumwanulia.

Kazini ndiko kulikokuwa na vituko. Siku niliyovua kilemba, mlinzi wa getini aliniamkia "shikamoo" kwa mara ya kwanza, na akanifungulia geti dogo. Vijana wa masjala wakaanza kunibebea majalada. Dada mmoja wa utumishi akaniuliza kwa sauti tamu, "Mama, wewe retirement yako ni lini vile? Mwaka huu?" Nikamwambia bado miaka kumi na moja, na kiti changu asikipime. Kilele kilikuwa mkurugenzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka Dar es Salaam, mtu wa miaka hamsini na saba, naijua kwa sababu jalada lake limepita mikononi mwangu. Tulikutana koridoni, akainamisha kichwa: "Shikamoo mama."

Zamani ningekufa kwa aibu. Siku hiyo nikamtazama kichwa chake, cheusi kwa rangi niliyoitambua nikiwa umbali wa hatua kumi, nikamwitikia: "Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Masjala walicheka mpaka saa ya chai. Tangu hapo nikaamua: anayenipa shikamoo namwitikia, hata awe nani. Sikuiomba, lakini sirudishi.

Laiti vita vingekuwa vya ofisini tu. Vita vyangu vilikuwa na mama.

Alikuja kututembelea wiki ya Pasaka, na kiroba cha karanga na mlenda mkavu. Nilimpokea mlangoni kichwa wazi. Hakuitikia shikamoo yangu. Aliweka kiroba chini taratibu.

"Janeth. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nilikueleza kwenye simu."

"Uliniambia umeugua. Hukuniambia umezeeka."

Nikamweleza tena, koo, sindano, maneno ya daktari. Alisikiliza macho yakiwa ukutani. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake, na nashukuru alilisema waziwazi:

"Mimi niliyekuzaa sina unywele mmoja mweupe. Watu wakituona tumekaa pamoja, wewe kichwa pamba na mimi hivi, watasema mimi ni nani? Mzimu?"

"Watasema wewe ni mama yangu na unapaka piko."

Hapo nilivuka mpaka, najua. Alilala usiku mmoja badala ya wiki, akarudi Kongwa. Miezi miwili kila alipopiga simu alipiga ya mume wangu, akauliza, "Wote wazima hapo?" akakata. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Iliniuma kuliko malengelenge.

Wakati huo ndipo ilipokuja barua ya posa ya Upendo. Binti yangu ana miaka ishirini na nne, ni mwalimu wa chekechea, na kijana aliyemchumbia ametoka Kondoa, mpole, anapenda kula. Tulikubaliana mahari iletwe Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nyumbani kwetu. Siku nne kabla, Upendo aliingia chumbani kwangu akafunga mlango, akatoa kiboksi kwenye pochi. Picha ya mzungu mwenye nywele nyeusi.

"Mama, hii haina amonia. Nimeulizia. Siku moja tu."

"Daktari alisema nini, Upendo?"

"Najua. Lakini wanakuja ukoo mzima kutoka Kondoa. Watapiga picha, mama. Watasema wewe ni bibi yangu." Akaanza kulia. "Na bibi amesema kama hujapaka hatakuja."

Akakiacha kiboksi kitandani akatoka.

Naomba nisiwadanganye hapa, maana wengi wenu mtafika kwenye kiboksi hiki. Nilikitaka. Kumbukumbu ya koo kubana ilikuwa bado ipo, lakini machozi ya mtoto yalikuwa karibu zaidi. Nilikwenda nacho bafuni. Nilikifungua. Ile harufu ilipotoka, masikio yalianza kuniwasha kabla hata sijaigusa rangi yenyewe. Nikawa najihesabia: nitapaka kidogo, mbele tu, niache dakika tano. Mume wangu akagonga mlango.

"Mama Upendo."

"Bee."

"Nauliza tu. Bajaji nikuitie sasa hivi, au ukishapaka?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu nikacheka mpaka nikalia. Kisha nikamimina chupa yote chooni, nikavuta maji mara mbili. Nikamfuata Upendo sebuleni, nikakaa, nikamwambia: "Siku ya mahari utakuwa na mama mwenye mvi. Ukitaka mwenye nywele nyeusi, itabidi uazime, maana wako atakuwa amekufa." Upendo alijifuta uso. Halafu akaja akaweka kichwa mapajani pangu kama alivyokuwa mdogo, akasema, "Nisamehe." Basi. Sisi hatujui kuongea sana.

Nikampigia mama. Nikamwambia sipaki, na kiti chake kitakuwepo.

Alikuja. Asubuhi ya Jumamosi mdogo wangu wa kiume alimshusha getini, kavaa kitenge kipya, mgongo wima, kichwa kinang'aa weusi kiasi kwamba nilijua amekipaka jana yake. Aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia kichwani, akapita.

Wageni wa Kondoa waliingia saa nne. Sebule ilijaa, viti vya plastiki vikafika mpaka barazani. Msemaji wao, mshenga, alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya mwimba kwaya, hakuwa amewahi kumwona yeyote kati yetu. Aliendesha mambo vizuri. Mambo ya mbuzi na ng'ombe yakapita, shemeji yangu akapokea kwa niaba yetu. Zikabaki zile zawadi mbili ambazo kila mwanamke sebuleni alikuwa anazisubiri: mkaja, vile vitenge vya kumshukuru mama aliyebeba mimba ya bibi harusi, na blanketi la bibi.

"Sasa," akasema mshenga, "tunaomba kumvisha mama yetu mkaja."

Akina mama wawili wa upande wao wakainuka na vitenge vimekunjuliwa. Wakaja kwenye mkeka wetu wakiimba. Wakanipita. Wakamfunga mama yangu kiunoni.

Kabla sijapata pumzi, wengine wawili walikuwa wamenifunika blanketi mabegani, kubwa, zito, la rangi ya damu ya mzee, na mshenga anasema, "Na bibi yetu asipigwe na baridi, ametulelea vizuri."

Mtu wa upande wetu alikohoa. Upendo, aliyekuwa amekaa katikati ya wasimamizi wake, alishika mdomo kwa mikono miwili. Ndicho hasa alichokiogopa, na kimetokea mbele ya ukoo mzima. Nilisubiri aibu inimeze. Haikuja. Nilisikia joto la blanketi, na nilisikia napumua vizuri kabisa, hewa inaingia na kutoka bila shida, na nikaona kwamba nimeshapita mahali pabaya zaidi ya hapa.

Nikasimama.

"Mzee wangu, shikamoo."

Mshenga akashtuka. Bibi hatoi shikamoo kwa rika lake. "Marahaba," akasema polepole.

"Blanketi ni zuri, lakini mmekosea bega. Hizi mvi ni zangu, sikuziazima, na wala sizionei haya. Ila tumbo lililombeba Upendo ni hili hapa. Mkaja ni wangu. Nauomba."

Vicheko vikapasuka, vigelegele vikafuata, yule mzee akajifuta jasho akiomba radhi kwa lugha mbili. "Sasa," akasema akitazama huku na huku, akachungulia hadi upande wa jikoni, "bibi yetu ni nani?"

Ningeweza kunyoosha kidole. Wote wa upande wetu wangeweza. Shemeji alifungua mdomo, nikamkatalia kwa macho. Mama alikuwa amekaa palepale, mkaja kiunoni, anatazama mikono yake. Nilijua ninachomwomba. Afadhali ningemwomba ng'ombe.

Akasimama. Akaufungua mkaja mwenyewe, akaukunja pande nne kama anavyokunja kila kitu, akaniwekea mikononi.

"Bibi ni mimi," akasema kwa ile sauti yake ya darasani. "Nina miaka sabini na moja. Hizi nywele ni piko. Leteni blanketi langu."

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Nilimfunika mwenyewe. Nilipokuwa nalikaza shingoni pake, akaniinamia kana kwamba ananibusu, akasema kwa Kigogo ili wageni wasisikie:

"Nawashwa, Janeth. Mwaka wa tatu huu. Usiku silali."

Niliinua pindo la nywele nyuma ya sikio lake. Ngozi ilikuwa imebanduka, nyekundu, majimaji yanatoka, na juu yake alikuwa amepaka poda.

"Kesho nakunyoa, mama," nikamwambia. "Jumatatu tunakwenda kliniki."

"Kesho ya nini?" akasema. "Hawa watu wanaondoka saa ngapi?"

Waliondoka saa kumi na nusu, wameshiba. Upendo aliweka kiti uani, mume wangu akaleta mashine, na mama akakaa, akafumba macho, akaniinamishia kichwa.